Huyu Hana Chapa, Ni wa Nani?

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, mliniomba niandike jinsi programu ya chapa ilivyozaliwa, kwa sababu kila mgeni anayeajiriwa hapo huuliza mbona amri ya kompyuta inaongea habari za ngamia. Sasa nimestaafu, muda ninao, chai ya tangawizi iko mezani, na hakuna wa kunikata kauli. Kaeni vizuri. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchechemea, na mshahara nyote mnaujua, tusiharibu chai.

Mimi ni Mghoi, mtu wa Taita. Nilitolewa kwenye ukungu wa milimani nikapelekwa Garissa, ofisi ya mifugo, fundi wa kompyuta. Siku ya kwanza nilishuka na sweta mkononi. Askari wa getini aliitazama ile sweta, akanitazama mimi, akacheka mpaka akalishika geti asianguke. "Madam," akasema, "hiyo utafunikia kiti." Na kweli ilifunika kiti changu mpaka nilipostaafu.

Ndani nilikuta kompyuta nne zimefunikwa leso kwa sababu ya vumbi, na kila moja imebandikwa jina kwa kalamu nene: Ajuza, Mrembo, Kaidi na Mgeni. Aliyezibandika ni Habiba, msichana wa Sangailu, binti wa wafugaji. Alikuwa amesomea kompyuta akarudi kwao, na pale ofisini alikaa kwa mkataba unaoandikwa upya kila ukiisha. Hata salamu hakunipa kwanza.

"Abaayo, zima hizo zingine zote ukitaka," aliniambia. "Lakini usiguse Ajuza. Akilala huyo haamki."

Abaayo ni dada kwa Kisomali. Tangu siku hiyo sikuitwa jina lingine na Habiba, hata tulipokuwa tumekasirikiana, na tulikasirikiana sana tu, kama watu wanaopendana.

Sasa mtauliza, kwa nini kompyuta nne kwa watu wachache vile? Ni kwa sababu ya matoleo. Lugha za kompyuta hutoka kwa matoleo. Yetu ilikuwa Python, na Python ya pili na ya tatu ni ndugu wa tumbo moja wasiosikilizana. Vibali vya kusafirisha mifugo vilitolewa na programu aliyoiandika Habiba mwenyewe, nayo ilitaka ya pili. Stoo ya chanjo ilitaka ya tatu. Bei za soko zilitaka ya tatu pia, lakini ya zamani kidogo, kwa sababu mwandishi wake alihamia Ulaya na hakuna aliyethubutu kuigusa. Kabla yangu kuna mtu aliwahi kuweka matoleo mawili kwenye kompyuta moja, yakavurugana, vibali na chanjo vikalala chali pamoja. Kuanzia hapo ikawa sheria: kila toleo na kompyuta yake. Unataka kibali, panga foleni kwa Ajuza. Unataka chanjo, hamia kwa Mrembo. Unataka bei, nenda kwa Kaidi; Mgeni alibaki wa barua tu. Ilikuwa ofisi ya kuhamahama ndani ya chumba kimoja.

Ajuza alikufa mchana peupe, katikati ya kibali cha mtu. Alikoroma, akatoa harufu ya waya, basi. Habiba alimfunika leso yake kimya. Mimi, Mungu anisamehe, nilishikwa na kicheko, na yeye akanitazama kwa hasira, kisha naye akaanza, tukacheka mpaka machozi.

Kicheko kilikatika Bwana Nyaga alipoingia. Huyu alikuwa mkuu wetu, mtu wa Embu, mpole, ambaye akiwa na habari mbaya husafisha miwani kwanza. Aliisafisha sana siku hiyo.

"Nairobi wanatuma seva moja mpya," akasema. "Wanataka programu zote tatu zikae humo, zifanye kazi pamoja. Watakuja wenyewe kukagua. Zikikataa, vibali vitatolewa Nairobi na chumba hiki kitafungwa."

Hakumtazama Habiba, lakini sisi sote tulijua. Mkataba wake ulikuwa wa vibali. Vibali vikihama, mkataba hauna pa kukaa. Na wafugaji wa Sangailu na Kotile, waliozoea kuchukua karatasi asubuhi wakapakia lori jioni, wangebaki kungoja Nairobi iamke na mtandao upatikane, mbuzi wakikonda kando ya barabara.

Seva ikaja. Nikaweka Python ya tatu, ile mpya kabisa, kwa sababu wakubwa hupenda neno "mpya". Programu ya Habiba ililalamikia mistari kadhaa, tukairekebisha kwa namna inayokubalika na matoleo yote mawili, ikanyamaza, ikaendesha vizuri. Tukapeana mikono. Tukanywa soda.

Kesho yake akaingia Mzee Dagane, mfugaji na mchuuzi wa mbuzi anayejulikana soko zima kwa sauti yake, ameshika kibali kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

"Abaayo," akamwambia Habiba, "mimi nasema mbuzi sabini na tano, lori mbili. Sawa?"

"Sawa, mzee."

"Hii karatasi yako nasema kila lori ni thelathini na saba na nusu. Sasa mimi nauliza. Hii nusu, iko ya kichwa ama ya mkia? Kwa sababu bolisi ya rodibloku huko barabarani ataniuliza."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Bwana Nyaga alitoka nje akajifanya anapokea simu. Habiba peke yake hakucheka; alikuwa amekwisha kuelewa. Toleo la pili likigawanya namba nzima hutupa nusu, na programu yake ilitegemea hivyo: lori la kwanza linapata thelathini na saba, la pili linachukua waliobaki. Toleo la tatu halitupi kitu, linakugawia mpaka mbuzi. Na mbaya zaidi, lilikuwa limefanya hivyo bila kulalamika hata kidogo. Programu ile ilikuwa na mgawanyo kila kona, malori, dozi, mabanda. Kuipitia yote na kuihakiki kabla ya wakaguzi kufika kusingewezekana.

"Inataka toleo lake," Habiba akasema. "Hakuna njia nyingine."

Basi ikabidi seva moja ibebe matoleo yote. Najua siku hizi zipo programu za kazi hiyo, unazishusha mtandaoni, zinajishughulikia. Sisi tulijaribu mojawapo. Ilianza kushusha toleo asubuhi, mtandao ukakatika. Ikaanza upya, ukakatika. Halafu kila unapotaka kitu inakimbilia mtandaoni kuuliza, kama mtoto asiyeweza kuvuka barabara bila mama. Kwa Banissa, mbali kule kaskazini, ambako ofisi yetu ndogo ilipata mtandao kwa kudra, hiyo haikuwa na faida. Tukaamua kuandika yetu, ya kuandikwa amri kwenye skrini nyeusi, isiyo na mapambo, inayoweka matoleo kutoka kwenye flashi.

Ya kwanza tuliiita badili. Unaandika badili na namba ya toleo, seva nzima inahamia huko. Ilikuwa fupi, safi, na nilijivunia. Iliishi mpaka saa nne asubuhi. Habiba akabadili kwenda la pili, atoe kibali. Mtu wa stoo, bila kujua, akabadili kwenda la tatu, atoe chanjo. Mtu wa bei akabadili kwenda lile la zamani kidogo. Habiba akabonyeza, na tazama, nusu mbuzi huyoo amerudi.

"Nani amebadili?" akapiga kelele.

"Nani amebadilisha nilichobadili?" mtu wa stoo naye akajibu.

Tukaweka zamu. Zamu zikavunjika. Tukaweka kofia: mwenye kofia kichwani ndiye anayeruhusiwa kubadili. Bwana Nyaga aliingia akamkuta mtu wa bei anakimbia na kofia huku Habiba anamfukuza kati ya meza, akafunga mlango polepole akarudi kwake. Nadhani siku hiyo ndiyo alianza kufikiria kustaafu mapema.

Tulikaa nje chini ya bati, Habiba na mimi, jasho limetulowesha, kila mmoja na glasi ya chai ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa namwambia tuongeze kufuli, ili mtu mmoja akitumia seva wengine wasubiri. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni anayevaa kanzu nyuma mbele.

"Abaayo, umewahi kuona kisima cha kwetu?"

"Sijawahi."

"Ngamia wa watu wengi wanakunywa pamoja. Wamechanganyika, mavumbi, kelele. Wakimaliza kila mtu anaondoka na wake, hakuna fujo. Unajua kwa nini?" Akachora chini kwa kijiti: mstari mmoja, na vitone viwili kando yake. "Hii ni chapa ya baba yangu. Shingoni, upande wa kushoto. Sisi tunapiga chapa ngamia. Nyinyi mnapiga chapa kisima!"

Nilikaa na glasi mdomoni. Kisha nikaiweka chini nikamkumbatia, chai ikamwagika, akapiga kelele kwamba nimemchafulia dirii, gauni lake la Kisomali.

Tuliandika upya yote. Seva haibadiliki tena. Kila folda ya programu inawekewa kifaili kinachoitwa chapa, kilichofichwa, chenye mistari miwili: toleo linalotakiwa, na jina la mwenyewe, ili kukiwa na tatizo ujue wa kuuliza. Ukiita Python, si Python inayoitika kwanza. Ni kijiprogramu chetu kilichokaa mlangoni. Kinatazama folda uliyomo, kinasoma chapa, kinakupeleka kwa toleo lako. Jirani yako yuko kwa lake wakati huohuo. Hakuna kofia.

Na folda zilizo ndani ya folda? Habiba alijibu bila kuinua macho: "Ndama ambaye hajapigwa chapa anafuata mama yake." Kwa hiyo chapa isipoonekana hapo, kijiprogramu kinapanda kwa mama, kisha kwa nyanya, kinapanda mpaka juu kabisa.

Na kisipoona chapa hata huko juu? Hapo ndipo tulipogombana. Mimi nilisema kichukue tu toleo jipya, mambo yaende. Bwana Nyaga aliniunga mkono. Hakutaka kompyuta inayouliza wageni maswali. Habiba akakataa katakata. "Ngamia aliyepotea akiingia kundi lako, humwongezi kimyakimya. Unauliza kila mtu, huyu ni wa nani? Ukinyamaza, wewe ni mwizi." Nikamwambia hii ni kompyuta, si ngamia. Akaniambia nusu mbuzi ilitoka wapi kama si kwa kompyuta iliyonyamaza. Nikashindwa. Basi tukaandika: ikikosa chapa, isimame, na iseme, "Huyu hana chapa. Ni wa nani?"

Niwape na kisa cha Barre kabla sijasahau. Barre alikuwa dereva wa gari la chanjo. Matoleo ya Banissa tuliyatia kwenye flashi, nikamkabidhi nikamwambia, "Barre, tafadhali, hii isiharibike." Safari ile ni ndefu na joto mnalijua. Jamaa wa Banissa akapiga simu: flashi imefika, lakini inachuruzika maji. Nikaomba anipe Barre.

"Uliiweka wapi?"

"Kwa boksi ya chanjo, kati ya barafu." Akashangaa kwamba ninashangaa. "Mama, kitu ya ofisi hii isiyotaka kuharibika inakaa kwa barafu. Si ndio kazi yangu?"

Waliianika juani juu ya boneti, ikafunguka, ikafanya kazi. Mpaka leo flashi za Banissa husafiri kwenye boksi la chanjo, ila ndani ya mfuko wa plastiki, na wala haijawahi kuharibika hata moja. Barre alishinda.

Siku ya ukaguzi Bwana Nyaga alivaa tai. Mkaguzi alikuwa mama mmoja wa Nairobi, mtaratibu, mwenye vidole vyepesi kwenye kibodi kuliko sisi sote. Nikaogopa papo hapo. Mjinga unaweza kumzungusha, mjuzi huwezi. Habiba alikaa pembeni, mikono ameificha ndani ya shungi.

Mama yule akaendesha vibali, vikatoka. Chanjo ikatoka. Bei zikatoka. Akaziendesha zote kwa pamoja, zikatoka, kila moja na toleo lake, bila kelele. Bwana Nyaga akaanza kupumua. Kisha mama akasema, "Ngoja nijaribu na mimi." Akafungua folda yake mwenyewe, mbali na zetu, akanakili programu ya vibali humo. Kunakili kwa namna ile huacha nyuma mafaili yaliyofichwa. Chapa haikuja nayo. Mimi niliona, nikafumba macho.

Akabonyeza.

Skrini ikaandika: Huyu hana chapa. Ni wa nani?

Bwana Nyaga akavua miwani akaanza kuisafisha, nikajua tumekwisha. "Samahani, Madam," akasema, "hiyo ni kasoro ndogo, tutaiondoa."

"Si kasoro," Habiba akasema.

Akasimama. Akaeleza kisima, kundi, ngamia aliyepotea, kwa sauti iliyoanza chini ikapanda taratibu. Mkaguzi akasikiliza mpaka mwisho.

"Na kama ingejichagulia yenyewe toleo jipya?" akauliza.

Habiba akainama, akalazimisha toleo jipya, akaingiza mbuzi sabini na tano na malori mawili. Printa ikatoa karatasi. Mama akaisoma, akairudia, midomo ikaanza kumcheza.

Na hapo, kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, kichwa cha Mzee Dagane kikachungulia dirishani. Alikuwa nje anangoja kibali chake. Alishaona uso wa mkaguzi na karatasi ile mkononi.

"Wallahi!" akasema. "Ile nusu imerudi?"

Mkaguzi alicheka mpaka akaketi. Alicheka, akafuta macho, akamwambia Bwana Nyaga, "Hilo swali lisiondolewe kamwe. Na huyu binti asiondoke hapa." Habiba akajifunika uso kwa shungi lake. Nilimshika bega nikasikia analia, nami nikalia, na Bwana Nyaga akasafisha miwani tena, safari hii ilikuwa imelowa kweli. Jioni ile tulikula mbuzi, mzima, na kila aliyepewa kipande aliulizwa kama ni cha kichwa ama cha mkia.

Mengine mnayajua, maana nyinyi ndio mliyaendeleza. Habiba aliajiriwa rasmi, kisha akawa mkuu wa chumba, kisha mkuu wangu, na alinikemea kwa haki zote. Mimi niliendelea na nyaya, vumbi, na kufundisha wageni kwamba leso kwenye kompyuta si mapambo.

Siku ya kuniaga mlinipikia pilau, mkanipa blanketi. Blanketi, Garissa! Nikawauliza kama mnataka nife. Mkasema ni la huko Taita, nikalipokea. Ila niliona Habiba mwenyewe hakunipa kitu. Alichukua tu kompyuta yangu ya mapajani, eti aihakikishe kabla haijawa yangu moja kwa moja, akanirudishia, akasema, "Zawadi yangu haiingii kwenye basi." Nikaudhika kidogo, nisidanganye. Miaka yote ile, jamani, hata kanga?

Nikarudi milimani. Ukungu, baridi, blanketi. Wiki ya kwanza nilipanga vyombo, nikasalimia majirani, nikajisikia kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Watu walikuwa wema, lakini waliniita "yule mama wa Garissa", kama vile Garissa nako walivyoniita "yule mama wa Taita". Asubuhi moja nikafungua kompyuta, nikatengeneza folda mpya ya hesabu za kuku wangu. Tupu kabisa, haina chapa, haina mama. Nikaita Python kwa makusudi. Nilitaka kulisikia lile swali, basi, kama mtu anayetaka kusikia sauti ya nyumbani.

Haikuuliza.

Iliandika: Chapa imeonekana, juu kabisa. Mwenyewe: Mghoi, wa boma la Sangailu.

Nilikodoa macho. Nikapiga simu. Habiba aliipokea anacheka, alikuwa akiingoja.

"Umefanya nini kwa kompyuta yangu, wewe msichana?"

"Abaayo, huko kwetu kuna ndama jike. Baba amempiga chapa yetu, mstari na vitone viwili, shingoni kushoto. Amesema ni wako, na watoto wake pia ni wako. Ngamia haingii kwenye basi, nilikwambia. Nikaona kompyuta nayo niipige, nisikuache utembee huko unaulizwa wewe ni wa nani."

Nilimwambia mtandao unakatika, nikakata. Kisha nikatengeneza folda nyingine ndani ya ile ya kuku, na nyingine ndani yake, na nyingine tena, nikizidi kuzama, na katika kila moja nikaita upya, nione kama itauliza. Haikuuliza hata mara moja.